st0 au nst0? Kisa cha kanda kumi za akiba

Leo tuzungumze kuhusu kanda. Sio kanda za muziki, ingawa hizo nazo nitazitaja kidogo, bali kanda za kuhifadhia data za kompyuta. Najua wengine mtasema huyu jamaa amezeeka, kanda zilikwisha zamani. Hazikwisha. Kanda za LTO bado zinatengenezwa, na za kizazi cha tisa, kilichotoka mwaka 2021, hubeba terabaiti 18 kila moja kabla data haijabanwa. Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, Google walikuwa na nakala kadhaa kwenye diski katika vituo mbalimbali, na hitilafu ikazigusa zote. Barua zikarudishwa kutoka kwenye kanda. Sababu yake haina uchawi: kanda iliyo kabatini haijaunganishwa na chochote, kwa hiyo programu yenye kichaa haiwezi kuifikia.

Lakini kanda ina tabia zake, na mtu aliyezoea diski na flashi anaweza kuumia vibaya sana. Ndiyo maana naandika haya. Kisa ni cha kweli, majina nimeyaacha.

Mwaka 2009, kama mnavyokumbuka, Kenya ilikuwa na ukame na mgao wa umeme. Mwisho wa Septemba nilipigiwa simu na mwenyekiti wa chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko nyanda za juu. Seva yao ilikuwa imekufa. Jumamosi usiku umeme ulipotea, uliporudi ulirudi na nguvu kupita kiasi, pawa saplai ikaungua na ikaondoka na mazabodi pamoja na diski zote mbili. Diski hizo zilikuwa zinaandikwa sambamba, kila kinachoingia kwa moja kinaingia kwa nyingine, na fundi wao wa awali alikuwa amewaambia kwamba kwa hivyo wako salama. Sambamba ziliandikwa na sambamba zikaungua. Betri ya UPS nayo ilikuwa imeshachoka kitambo.

Kwa wale wasiojua chama cha maziwa kinavyofanya kazi: asubuhi mkulima analeta maziwa kituoni, karani anapima, anaandika kilo kwenye kitabu chake na kwenye kadi ya mkulima. Jioni vitabu vinaletwa ofisini na kilo zinaingizwa kwenye kompyuta. Ikifika tarehe 5 ya mwezi unaofuata mkulima analipwa: kilo mara bei, toa chakula cha ng'ombe alichochukua dukani kwa mkopo, toa dawa, toa mkopo, ongeza hisa. Kilo zilikuwa kwenye karatasi. Lakini nani anadaiwa nini na nani ana hisa ngapi, hiyo ilikuwa kwenye seva peke yake, miaka 4 ya hesabu, wakulima zaidi ya elfu moja. Muhula wa tatu ulikuwa umeanza na karo inadaiwa, na kwa sababu ya kiangazi nyasi hakuna, kila mtu anakula dukani kwa mkopo. Mwenyekiti hakuniuliza kama seva itapona. Aliniuliza, "Fundi, tarehe 5 tutawaambia nini watu?"

Nilifika Jumatatu asubuhi tarehe 28. Karani mkuu wa ofisi, mama ambaye kila mtu humwita Mama Karani na mimi nitamwita hivyo hivyo, alinipeleka moja kwa moja kwenye kabati. Kanda 10, zimepangwa vizuri, Jumatatu hadi Ijumaa A, Jumatatu hadi Ijumaa B.

"Kanda ziko, kijana wangu. Kila asubuhi natoa moja natia nyingine. Na barua pepe inasema sawa."

Alikuwa amezichapisha hizo barua pepe na kuziweka kwenye faili. Kila ukurasa una mstari mmoja: NAKALA: SAWA.

Haya basi, tuingie kwenye mambo yenyewe.

Draivu ilikuwa ya DDS-4. Hii ni teknolojia iliyotokana na kanda za sauti za DAT: kanda nyembamba ya milimita 4, urefu wa mita 150, inabeba gigabaiti 20 bila kubanwa, na inasomwa na kichwa kinachozunguka, kama kile cha mashine ya video ya VHS. Ilikuwa ndani ya kisanduku cha nje chenye plagi yake, na fyuzi ya plagi ile ndiyo iliyoungua badala ya draivu. Nilifurahi, kwa sababu vichwa vya namna hii huhama kidogo kidogo kadiri vinavyotumika, na kanda iliyoandikwa na draivu moja inaweza kukataa kusomeka kwenye nyingine. Ukiwa na kanda za DDS, draivu iliyoziandika ni mali kuliko kanda zenyewe.

Nilikuja na kompyuta yangu ya Linux yenye kadi ya SCSI. Kabla ya kuwasha chochote nilifanya mambo mawili. La kwanza, kila kanda nilisogeza kile kijiti kidogo cha plastiki kinachozuia kuandikwa. Zote 10, kabla hata moja haijaingia kwenye draivu. Ukiwa na data ambayo haipo kwingine duniani, usiiamini amri yoyote, hata uliyoiandika mwenyewe. La pili, nilihakikisha tamineta ipo mwisho wa waya wa SCSI. Ikikosekana, draivu inaonekana leo kesho haionekani, na utapoteza siku nzima ukilaumu kerneli.

Kisha unakwenda ngazi kwa ngazi, kutoka chini. Je, kerneli inaiona draivu? dmesg ikasema:

st 0:0:6:0: Attached scsi tape st0

Vizuri. Je, draivu inaiona kanda?

mt -f /dev/nst0 status

Ikajibu, pamoja na mengine:

File number=0, block number=0, partition=0.
Tape block size 0 bytes. Density code 0x26 (DDS-4 or QIC-4GB).
General status bits on (45010000): BOT WR_PROT ONLINE IM_REP_EN

Wengi huuruka mstari huu wa mwisho na ndio wenye habari yote. BOT maana yake tuko mwanzo wa kanda. WR_PROT, kile kijiti kimefanya kazi. ONLINE, kanda imeingia na iko tayari. Na ile "block size 0" sio kosa: inamaanisha draivu itapokea bloku za ukubwa wowote. Kumbukeni hiyo, tutairudia.

Ngazi ya tatu: kuna nini ndani?

tar -tvf /dev/nst0

Orodha ikaanza: etc/, etc/fstab, etc/passwd, etc/httpd... Baada ya sekunde chache ikaisha. Nikadhani basi hii ni sehemu ya kwanza tu, hifadhidata iko mbele. Nikasogeza kanda mbele kwa mt -f /dev/nst0 fsf 1, ikakubali. Nikasogeza tena: Input/output error, na status sasa inaonyesha EOD, yaani mwisho wa data. Hakuna kitu mbele. Kanda ya gigabaiti 20 ina megabaiti chache za /etc, basi.

Kanda ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Mama Karani alikuwa amesimama nyuma yangu ananipa moja moja. Ilipofika ya sita akaacha kuuliza. Kanda zote 10 zilikuwa na /etc peke yake.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ndio kiini cha mambo.

Kwenye Linux draivu moja ya kanda ina majina mawili: /dev/st0 na /dev/nst0. Ni chuma kile kile. Tofauti ni kwamba ukitumia st0, programu ikimaliza kazi na kufunga faili, draivu inairudisha kanda mwanzo yenyewe. Ukitumia nst0, kanda inabaki pale pale ilipoishia. Ile n ni ya "no rewind". FreeBSD wana sa0 na nsa0, Solaris wana /dev/rmt/0 na /dev/rmt/0n, jambo ni lile lile.

Waliokua na redio kaseti wataelewa haraka. Chukua kanda tupu urekodi wimbo wa kwanza kutoka redioni. Bonyeza stop. Sasa fikiria redio yako ina kiherehere: kila ukibonyeza stop inairudisha kanda mwanzo bila kukuuliza. Unarekodi wimbo wa pili, unarekodi wa tatu. Unadhani una nyimbo tatu. Una mmoja, wa mwisho. (Na sisi tuliokuwa tunazungusha kanda kwa kalamu ili kuokoa betri tungeipenda sana redio hiyo mpaka siku ya kugundua.)

Kwenye kaseti walau, wimbo wa mwisho ukiwa mfupi, utasikia kipande cha wa kwanza kikiendelea baada yake. Kanda ya data haikupi hata hicho. Draivu ikimaliza kuandika inaweka alama ya mwisho wa data, na ikisoma haivuki alama hiyo. Sumaku ya zamani bado iko pale mbele, lakini draivu ya kawaida haikubali kukupeleka.

Sasa, nilijuaje kuwa hicho ndicho kilichotokea, na seva imeungua? Kwa sababu skripti ya nakala za akiba iliishi ndani ya /etc. Kitu pekee kilichohifadhiwa mara 10, kwa uaminifu mkubwa, kilikuwa ile saraka yenye skripti iliyoharibu vingine vyote. Nikaitoa kwenye kanda nikaifungua. Nimeifupisha:

tar -b 128 -cf /dev/st0 /var/bekapu /var/spool/mail /var/www || exit 1
tar -b 128 -cf /dev/st0 /home || exit 1
tar -cf /dev/st0 /etc || exit 1
echo "NAKALA: SAWA" | mail -s "Nakala" karani

Iangalieni vizuri. Aliyeandika hakuwa mvivu. Kila amri inakaguliwa: ikishindwa, skripti inasimama na barua haiendi. Na hakuna amri iliyowahi kushindwa! tar iliandika kila kilichotakiwa, mara tatu, na kila mara ikasema kweli kwamba imefaulu. Hata draivu haikudanganya: DDS husoma tena kila inachoandika papo hapo, kwa hiyo ilikuwa na hakika kwamba data imekaa vizuri kwenye kanda. Ilikaa vizuri kabisa mpaka amri iliyofuata ilipopita juu yake. Ile "SAWA" ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyelihitaji. Swali lilikuwa: kuna mtu amewahi kurudisha faili hata moja kutoka kwenye kanda hizi? Hakuna, kwa muda wote walipokuwa nazo.

Msidhani haya ni mambo ya vijijini. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya watu wanaojua Unix hadi mifupani, walifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yao kuu. Wakageukia nakala za akiba. Nakala za pg_dump zilikuwa hazifanyiki kwa sababu toleo la programu halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyeziona. Walijiokoa na nakala ya diski iliyokuwa na umri wa takriban saa 6, ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kwa kazi nyingine. Nawaheshimu kwa sababu walieleza yote hadharani, na ninapomweleza mteja kwa nini namtoza pesa kwa siku nzima ya kujaribu kurudisha data, hicho ndicho kisa ninachompa.

Turudi ofisini. Nikamweleza Mama Karani kwamba kanda hazina hesabu. Nilimweleza pole pole, maana yeye ndiye aliyekuwa akizibadilisha kila asubuhi na nilijua angejilaumu. Akakaa kimya. Halafu akauliza, "Na ile mbovu?"

Ipi?

Alfajiri ya Ijumaa tarehe 18 umeme ulikuwa umepotea. Skripti huanza saa kumi na dakika mbili alfajiri, na umeme ulikatika kama dakika ishirini baadaye. Asubuhi hakukuwa na barua ya SAWA. Mama Karani, kwa utaratibu wake mwenyewe ambao hakuna aliyemfundisha, aliitoa kanda ile umeme uliporudi, akaiandika MBOVU kwa kalamu nyekundu, akaitupia kwenye droo ya stempu na akatia mpya mahali pake. Hakutaka kanda iliyoshindwa mara moja irudi kwenye zamu.

Nikaangalia tena ile skripti. Amri ya kwanza inaandika /var/bekapu kwanza, na huko ndiko hifadhidata ilikokuwa ikimwagwa kabla ya kuanza kwa kanda. Halafu barua pepe za ofisi, ambazo ni nyingi na nzito. DDS-4 inaandika karibu megabaiti 3 kwa sekunde. Dakika ishirini ni muda wa kutosha kumaliza hifadhidata na kuwa katikati ya barua pepe. Ikiwa umeme ulikatika hapo, amri ya pili haikuanza. Kanda haikurudishwa mwanzo ili kuandikwa upya. Usiku pekee ulioshindwa ulikuwa usiku pekee ambao hakuna aliyefuta kitu.

Nikasogeza kijiti, nikaitia kanda.

tar: /dev/nst0: Cannot read: Cannot allocate memory
tar: At beginning of tape, quitting now

Hapa wengi wangeamini lile neno MBOVU. Ujumbe wenyewe unapotosha: unasema kumbukumbu haitoshi, na utakimbilia kuongeza RAM. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu tele. Ujumbe wa kweli uko kwenye dmesg:

st0: Failed to read 65536 byte block with 10240 byte transfer.

Sasa kumbukeni ile "block size 0". tar ni programu ya kanda tangu kuzaliwa. Jina lenyewe ni kifupi cha "tape archive", na ilikuja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Kila faili ya .tar.gz unayopakua leo bado ina umbo la kanda ndani yake: vipande vya baiti 512, na kwa kawaida 20 kati yake hufungwa pamoja, yaani baiti 10240, ndipo viandikwe kwa mpigo mmoja. Kwenye diski huoni tofauti yoyote. Kwenye kanda, mpigo mmoja ni bloku moja halisi, na bloku haisomwi nusu. Aliyeandika skripti alitaka kasi, akatumia -b 128, yaani 128 mara 512, baiti 65536. Mimi nilikuwa nasoma kwa kikombe cha 10240. Maji ya ndoo hayaingii kwenye kikombe, na kerneli badala ya kuyamwaga inakataa. Kanda za /etc zilisomeka bila shida kwa sababu amri ile ya tatu haikuwa na -b.

Kama hujui ukubwa wa bloku na huna skripti, kuna njia: soma bloku moja tu kwa kikombe kikubwa kupita kiasi, uone imeingia kiasi gani.

dd if=/dev/nst0 of=bloku bs=1M count=1
ls -l bloku

Ukubwa wa faili hiyo ndio ukubwa wa bloku. Nikaijaribu hata hivyo, nikapata 65536, nikarudisha kanda mwanzo. Sikutaka tar iichezee kanda yenyewe. Kanda yenye mashaka isomwe mara moja tu, iingie diskini, halafu uhangaike na nakala.

dd if=/dev/nst0 of=mbovu.img bs=64k

Tulikaa tukiisikiliza. Draivu ya DDS ikisoma vizuri inatoa sauti moja, kama cherehani iliyo mbali. Mwenyekiti aliingia, akaona tumenyamaza, naye akanyamaza. Baada ya robo saa na ushei sauti ikabadilika, kanda ikaenda mbele na nyuma mara kadhaa, na dd ikatoka na Input/output error. Faili ya zaidi ya gigabaiti 3 ilikuwa diskini. tar iliisoma mpaka mwisho ikalalamika "Unexpected EOF in archive", jambo la kutarajiwa: kipande cha mwisho kilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya draivu umeme ulipokatika, hakikufika kwenye kanda. Kilichopotea ni barua pepe za mtu fulani. Faili za /var/bekapu zilikuwa juu kabisa ya orodha.

Hata hapo sikusema kitu. gzip -t kwa kila faili, kuona kama zimebanwa bila kuharibika. Zote zikapita. Kisha nikaangalia mkia wa kila moja, kwa sababu mysqldump ikimaliza kazi yake huacha mstari wa mwisho:

-- Dump completed on 2009-09-18

Faili isiyo na mstari huo imekatikia njiani hata kama gzip imeridhika nayo. Zote zilikuwa nao. Nikaziingiza kwenye MySQL ya kompyuta yangu, nikamwomba Mama Karani anipe namba ya mkulima yeyote. Akanipa yake mwenyewe. Hisa zake, mkopo wa ndama, magunia mawili ya chakula cha ng'ombe. "Hayo magunia ni yangu," akasema, akatoka nje kidogo.

Zilibaki siku 9, kuanzia tarehe 18 hadi Jumamosi ya tarehe 26. Kilo zilikuwa kwenye vitabu vya makarani na risiti za dukani zilikuwa kwenye gunia. Vijana wawili na Mama Karani waliziingiza kwa siku tatu. Wakulima walilipwa tarehe 7 badala ya 5, na nasikia malalamiko yalikuwa ya kawaida tu, ya bei.

Marekebisho ya skripti yalikuwa mafupi: nst0 kila mahali, mt rewind moja tu mwanzoni, -b 128 kwa zote tatu, na baada ya kuandika, kusoma tena. Kwa kusoma natumia asf badala ya fsf:

mt -f /dev/nst0 asf 0
tar -b 128 -df /dev/nst0 -C /
mt -f /dev/nst0 asf 1

na kuendelea. fsf huhesabu kutoka ulipo, na baada ya tar kusoma huna hakika kama umesimama kabla au baada ya alama ya faili. asf inarudi mwanzo kwanza ndipo ihesabu, kwa hiyo inafika pale pale kila mara. Ile -d ya tar inalinganisha kilicho kwenye kanda na kilicho diskini. Barua pepe zitaonyesha tofauti, maana zinaingia usiku kucha. Hifadhidata iliyomwagwa haipaswi kuonyesha hata moja.

Kulikuwa na tatizo jingine la kando. /home ilikuwa na maelfu ya faili ndogo ndogo, na seva mpya haikuweza kuzisoma haraka kama draivu ilivyotaka. Draivu ya kanda inapenda kukimbia bila kusimama. Data ikichelewa inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaanza tena, mbele nyuma mbele nyuma, kama kitambaa cha mng'arisha viatu wa mjini, na Waingereza wameipa jina hilo hilo la viatu. Inachelewesha kazi na inakula kanda na vichwa. Dawa ni kuweka mbuffer katikati, ikusanye data kwanza kwenye kumbukumbu kisha iimwage kwa mkupuo. Na vumbi la kiangazi nalo usilisahau: kanda ya kusafishia vichwa ina idadi ya matumizi, zikiisha haisafishi tena ingawa draivu bado inaimeza. Yao niliikuta imeshapitwa kitambo, nikanunua nyingine Nairobi.

Mama Karani hakutaka tena barua ya SAWA. Aliniomba niiondoe, nikaiondoa, badala yake ikawa inakuja orodha ya faili zilizosomwa kutoka kwenye kanda pamoja na ukubwa wake. Na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mpaka chama kilipoacha kanda mwaka 2014 kikahamia diski za nje na nakala ya pili mtandaoni, alikuwa akichagua kanda moja bila kumwambia mtu, anaitia kwenye kompyuta ya akiba, anatoa hesabu ya mkulima mmoja na kuilinganisha na kadi yake. Diski za nje walipozinunua, swali lake la kwanza kwa muuzaji lilikuwa atazijaribuje.